Mashine haikusema, tulisema sisi

Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya mchele. Nataka kueleza kosa langu mwenyewe.

Mtoto wa kaka yangu alikimbia Goma baada ya M23 kuuchukua mji mwisho wa Januari 2025. Benki zilifungwa, watu wenye akiba wakashindwa kuigusa, wakabaki kutegemea pesa za simu. Yeye alitufikia na begi moja. Ndani mlikuwa na nguo, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, na diski. "Baba mdogo," akaniambia, "hii ndiyo benki yangu."

Kwa kweli si benki, na yeye alijua. Ni nodi ya bitkoini. Pesa hiyo ya intaneti ilianza Januari 2009 na haina benki kuu. Malipo yote yanaandikwa katika daftari moja, na nodi ni kompyuta inayotunza nakala ya daftari hilo na kukagua kila ukurasa mpya. Nakala nzima imepita giga 600. Kwa mtandao wetu, ambao nyote mnaujua, kuishusha yote hapa isingewezekana. Aliileta tayari kutoka Goma. Ukurasa mpya unakuja karibu kila dakika kumi, basi usiku watu wakilala aliunganisha simu yake na kushusha kurasa za siku ile. Umeme ni wa pano ileile ya jua tunayochajia simu.

Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo. Akasema: ukiuliza kompyuta ya mtu mwingine kama pesa yako imefika, mwenye kompyuta anaweza kuona ni akaunti zipi unaulizia, na unauliza kutoka mtandao gani. Ukiwa na nodi yako, unajiuliza mwenyewe nyumbani. Tena aliipitisha kwenye Tor, njia inayoficha mahali ulipo, ili nodi nyingine zisijue kwamba hii iko Maniema. Maneno 24 yanayofungua pesa hayakuwemo kabisa katika mashine. Yenyewe iliweza kuona pesa ikiingia, haikuweza kuitoa. Mwizi angebeba kisanduku tu.

Wengi walifikiri inazalisha dola. Walisikia habari za Luviro, Kivu ya Kaskazini, ambako Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba bitkoini kwa umeme wa maji. Zile ni mashine nyingi, ndani ya makontena, zenye kelele. Nodi ya nyumbani haichimbi kitu wala haimlipi mwenyewe hata franka.

Basi mashine ilifungwa vizuri. Sisi ndio tuliofungua mlango.

Kwanza daftari. Familia kadhaa za waliokimbia zina watoto nje ya nchi. Walimwomba kijana apokee pesa kwa njia hiyo, kisha awape franka. Alikubali, hakuchukua faida. Lakini ili asidhulumu mtu, aliandika kila kitu katika kayé ya shule: jina la mama, nyumba anayolala, pesa iliyoingia, tarehe. Akaiweka chini ya godoro. Anajificha kwa watu wa Ulaya, na mtoto yeyote wa uani anaweza kusoma!

Pili, mimi. Siku moja kwenye maikrofoni nilijisifu kwamba mtaani kwetu kuna kijana anayepokea pesa kutoka ng'ambo kwa mashine yake mwenyewe. Sikutaja jina. Lakini hapa Wamaza ni vijana wangapi wametoka Goma na kompyuta?

Siku chache baadaye binti yangu wa miaka tisa alirudi kisimani na ndoo nusu. Wanaume wawili asiowajua walimsaidia kutwika, kisha wakamuuliza kwa upole: "Mashine ya dola ya kwenu iko chumba gani?"

Usiku huo hakuna aliyelala. Kijana alinieleza habari ya Ufaransa: Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni inayouza vifaa vya kutunzia bitkoini, alitekwa nyumbani kwake, akakatwa kidole ili pesa itolewe. Kule kuna polisi wa kumfuata, na walimwokoa. Mimi nilikuwa nawaza zile familia tatu zinazolala uani kwetu, ambazo zilishakimbia mara mbili.

Asubuhi tulichoma ile kayé jikoni, mama mmoja mmoja akiwa ameshajulishwa deni lake kwa mdomo. Kijana aliacha kupokea pesa za watu. Nilienda kwa shefu wa mtaa kumweleza wale wanaume. Binti anaenda kisimani na wenzake, si peke yake.

Kwenye redio sikurudia habari hiyo, hata kuisahihisha, maana kuisahihisha ni kuitangaza tena. Naandika leo kwa sababu kijana ameshaondoka Wamaza, na mashine yake. Alikoelekea sikumuuliza.

Mama mmoja bado anapita jioni kuuliza kama mwanawe ametuma kitu. Namwambia aulize mwanawe kwa simu. Ananitazama kama mtu aliyemfungia duka.