Mechi Mbili Tu

Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na mchapishaji bila hata kijibarua. Kidato cha nne nimemaliza, kazi sina. Nikasema basi, uandishi umenishinda.

Ndipo nikasoma habari za Rod Dedeaux, Mmarekani mcheza besiboli. Mwaka 1935 aliichezea Brooklyn Dodgers mechi mbili tu katika ligi kuu. Baadaye akaumia mgongo, ndoto ya uchezaji ikafifia.

Kumbe bwana yule hakuuacha mchezo! Tangu 1942 hadi 1986 alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, ikatwaa ubingwa wa vyuo mara 11, tano kati ya hizo mfululizo, 1970 hadi 1974. Tom Seaver na Randy Johnson walipita mikononi mwake.

Mimi hata jiwe sijui kulirusha vizuri, lakini habari hii ilinichoma. Siku hizi kila jioni watoto wa jirani huniletea insha zao, nawasahihishia. Wakishaondoka, nauwasha mshumaa, nauandika mswada upya. Labda nami nimeandikiwa mechi mbili tu. Sawa. Moja bado sijaicheza.