Korongo Ni Jina la Wangapi?

Mwezi Machi, majaruba ya Kagongwa yakiwa bado na maji, mimi hupenda kutoka alfajiri na mjukuu wangu. Yeye huchukua kombeo, mimi daftari. Anajizoeza kuamia, maana punje zikianza kuwa maziwa kwelea kwelea watatushukia kama wingu.

Kwake kila ndege mwenye miguu mirefu ni korongo. Simlaumu, kwani lugha yenyewe imelibebesha neno hilo mizigo mingi. Huyu mweupe mwenye mdomo wa njano, afuataye ng'ombe, ni yangeyange. Yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo ni fundichuma, na kiota chake hata watu wazima huogopa kukigusa. Mweusi mwenye tumbo jeupe ni korongo kweli. Huzaliana kaskazini, upande wa Sudani, kisha hutujia na mvua. Na yule mkubwa mweupe, mabawa yamechovywa weusi, mdomo na miguu myekundu, ndiye mgeni wa mbali zaidi: mwezi huu huu anaondoka kwenda kuzaa Ulaya.

Nikamsimulia habari za mwaka 1822. Huko Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mshale wa Kiafrika uliopenya shingoni, naye amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla ya hapo walikuwako wasomi walioamini kwamba wakati wa baridi ndege wengine hujificha chini ya maji! Kijana akafikiri kidogo, akauliza, "Babu, sasa mwenye mshale alikula nini siku ile?"

Lakini majina haya si mchezo wa wazee. Kwelea wakizidi, ndege ya serikali hunyunyizia sumu mahali wanapolala, na tai au yangeyange alaye mizoga yao hufa pia. Korongo naye hutulia panzi na viwavijeshi bila kudai ujira. Basi nimewaomba majirani, kabla hawajamwendea bwana shamba, waseme ni ndege gani, na analala wapi.

Mmoja akanijibu, "Shikamoo Mwalimu. Kwelea namjua, kanifilisi mara mbili. Hao wengine niandikie."

Ninamwandikia. Nimefika jina la tisa.