Meli Iliyohifadhiwa kwa Grisi

Kigoma huitwa mwisho wa reli, lakini kwa anayekwenda kusini safari ndiyo kwanza inaanzia hapo. Nilipanda meli ya Liemba, katika Ziwa Tanganyika, jioni, miaka ile kabla haijaegeshwa kungoja matengenezo, kichwa kimejaa sinema. The African Queen ya mwaka 1951, waliyoigiza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935, na ile manowari ya Kijerumani inayotamba ziwani humo ilibuniwa kutokana na meli hii hii. Bogart alipata Oscar. Liemba ikaendelea kubeba dagaa.

Ilibeba na madumu ya mawese, magodoro, na kuku waliofungwa miguu. Daraja la tatu walikwisha kutandika mikeka kabla sijapata ufunguo wa kebini. Mzee mmoja, mchuuzi wa migebuka, aliniona napapasa ribiti za chuma akauliza natafuta nini.

Nikamweleza. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Ikaja Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda treni mpaka hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani walipoukimbia mji, mafundi waliokuja nayo waliipaka mitambo grisi nene, kisha wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, wakitumaini kurudi kuichukua. Waliokuja kuichukua ni Waingereza. Waliiibua 1924, na mitambo ikakutwa bado inafaa. 1927 ikarudi kazini.

"Na kwenye sinema inakuwaje?"

"Inagonga kiboti kibovu kilichofungwa mabomu, mzee wangu. Inazama."

Akagonga sitaha kwa kisigino. "Sasa sisi hapa tumelalia nini, mwanangu?"

Usiku ndio uliokuwa safari yenyewe. Vijiji vingi havikuwa na gati, hivyo meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na boti za mbao zikaja mbio kugombea ubavu wake. Mayowe, tochi, gunia linapanda, godoro linashuka, mtoto anapokezwa mkono kwa mkono juu ya maji meusi huku mama akitukana kila mtu. Mei 2015 meli hii ilikuwa ikiwavusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma, safari baada ya safari. Hilo ningelipa kiingilio kulitazama kuliko Bogart na ndevu zake.

Mzee alishuka Kipili. Mimi niliendelea mpaka Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg na kuijengea ngome. Juni 1916 alifika hapo kamanda wa Kiingereza, Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Boti zake Mimi na Toutou zilikuwa zimesafirishwa kwa treni kutoka Cape Town, kisha zikaburutwa kwa matrekta na maksai kuvuka milima ya Kongo. Baada ya taabu yote hiyo aliiona mizinga ya ngome, akageuza. Wajerumani wakapata mwanya wa kutoroka.

Mizinga ilikuwa ya mbao. Forester angeandika hivyo, nadhani mhariri wake angemrudishia.