Utalala Wapi?

Ukitaka kujua watu wanakuonaje, usiwaambie kwamba unaandika riwaya. Waambie unasafiri peke yako kwenda nchi ya watu. Kijana wa kiume ataulizwa, "Utarudi lini?" Binti huulizwa jingine: "Utalala wapi?"

Mimi ni wa Tandika, Temeke. Nilimaliza kidato cha nne, sasa nauza vitenge, na usiku naandika. Riwaya yangu ina msichana anayeshuka Nairobi usiku, mkoba mmoja begani. Sura tatu zilikwenda vizuri mpaka aliposhuka kwenye basi. Hapo kalamu ikagoma. Nitamwandikaje mtu anayetafuta kitanda River Road, nami mtaa huo naujua kwa kusoma tu? Meja Mwangi aliuandika mwaka 1976 katika Going Down River Road, lakini yale ni macho yake, macho ya mwanamume, na miaka imepita. Nikaazimia kwenda mwenyewe, siku tano, kwa akiba ya vitenge.

Nikamwambia mama nimeona gesti nzuri kwenye simu. Loh! "Gesti? Mtoto wa kike, peke yako, gesti?" Ninyi wa Temeke na Kinondoni mnajua neno hilo lilivyochafuka huku kwetu. Kwa wengi gesti ni chumba cha kukodi saa mbili, si cha kulala mpaka asubuhi. Mama hakutaka kusikia zaidi. Yeye alikuwa na jawabu lake tayari: mjomba wangu anakaa Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi. Kulala bure, chakula juu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia kwamba mgeni wa kike hangojwi siku ya tatu. Yeye hupewa ufagio jioni ile ile aliyofika. Simlaumu mkaza mjomba, ana watoto wadogo na kazi za watu. Lakini ningeamka na vyombo, ningeaga kila nikitoka, na magharibi isinikute njiani. Siku tano zingekwisha sijauona mji. Kitanda cha bure nacho kina bei, ila hulipwa kwa saa, si kwa shilingi.

Tena jambo hili ni la zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kila mfanyabiashara mgeni anapokewa na mwenyeji wake, analala kwake, na kuuza na kununua kwake kunapita mikononi mwa huyo mwenyeji. Huo ni ulinzi, na ni kamba pia. Njia nyingine ilikuja na miji mikubwa. London, mwaka 1844, kijana wa dukani George Williams na wenzake walianzisha YMCA kwa ajili ya vijana waliokuja mjini kufanya kazi. Mwaka 1855 ikazaliwa YWCA ya wanawake. Mwaka 1912 mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, akafungua hosteli ya vijana katika ngome ya Altena. Mpango wa hosteli ni rahisi: unalipa kidogo, chumba mnachangia, na asubuhi hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Basi nikakaa na daftari. Nilijiwekea kikomo cha shilingi 1,500 za Kenya kwa usiku, yaani kama 30,000 zetu. Nikabaki na sehemu tatu. Ya kwanza, rahisi kuliko zote, ilikuwa lojingi karibu na yanakofikia mabasi. Ya pili ilikuwa mbali, mtaa wa nyumba za bustani. Bei nafuu, lakini matatu asubuhi, matatu jioni, na ukichelewa ni teksi. Ya tatu ilikuwa hosteli ya wanawake, kitanda katika chumba cha watu wanne, robo saa kwa miguu hadi katikati ya mji.

Picha zote zilipendeza. Picha haina kelele wala harufu. Nikanunua vocha nikapiga simu, maswali ni yale yale matano. Mlango unafungwa saa ngapi, na aliyechelewa afanyeje? Kuna kabati la kufunga, au nije na kufuli yangu? Maji ya moto yapo saa ngapi? (Usicheke. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Julai mtu wa Tandika anaweza kulia.) Usiku nani anakaa mapokezi? Nisipopapenda, nalipia usiku mmoja au zote?

Wa lojingi alinijibu yote matano kwa mkupuo: "Kuja tu, dada." Wa pili alikata simu kwenye swali la tatu. Mama wa hosteli alijibu moja baada ya jingine, kisha naye akauliza: "Basi lako linafika saa ngapi, mwanangu?" Hapo hapo nikachagua. Anayekuuliza saa ya kufika ameshaiwaza njia yako.

Na swali lake lilibadili safari nzima. Basi linaloondoka Mbezi alfajiri hukufikisha Nairobi usiku. Nikaikata safari Arusha, nikalala kwa shoga yangu niliyesoma naye, kesho yake nikavuka Namanga pasi mkononi, nikaingia Nairobi saa tisa mchana. Nauli iliongezeka kidogo, lakini teksi ya usiku ingekula zaidi. Mama nyumbani nilimwambia, "Ni hosteli, ya wanawake watupu." Akashusha pumzi. Hosteli anazozijua yeye ni za wanafunzi, kama ile ya Mabibo.

Chumbani tulikuwa mwanafunzi wa Kampala, muuguzi wa Kisumu aliyekuja kwenye usaili, na mama wa Meru anayemwuguza mwanawe hospitali. Taa ikizimwa tulizungumza. Yule mama hakulala hata usiku mmoja bila kutoka kupiga simu wodini. Nikaelewa kwamba kitanda cha bei nafuu si cha watalii peke yao. Bila hicho, yeye angelala kwenye benchi la hospitali.

Siku ya tatu nilikwenda River Road, mchana kweupe. Nikaingia lojingi moja kuulizia bei. Kijana wa dirishani hakutaja bei. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akasema, "Uko peke yako?" Nikatoka, nikakaa kwenye hoteli ya chai iliyo jirani, nikaandika kurasa nane bila kuinua kichwa. Sura ya nne inaanzia dirishani pale.

Jumapili nilikwenda Kayole kwa mjomba. Nikala ugali na sukuma, nikaosha vyombo vyote kwa moyo mweupe, na saa kumi na moja nikaaga.

Msichana wangu wa riwayani bado amesimama mbele ya lile dirisha. Ana shilingi 900 na kufuli yake mwenyewe mkobani. Hiyo kufuli nimempa mimi.