Vidole Vinapokumbuka Njia ya Zamani



Wiki hii napenda tutafakari pamoja juu ya jambo dogo la mezani, nalo ni taabu ya mtu aliyezoea kupiga chapa kwa kasi, kisha mpangilio wa herufi ukabadilika chini ya vidole vyake. Kwa miaka minne ya masomo Ujerumani niliandika kwa kibodi ya Kijerumani. Niliporudi huku Kyela, nilikuta kompyuta ya ofisi ya parokia ina kibodi ya Kiingereza, ile ambayo wengi wetu tuliifahamu tangu enzi za taipureta. Nilikuwa nimezoea kuandika maneno 45 kwa dakika. Wiki ya kwanza sikuvuka 18.

Mpangilio huo wa Kiingereza unatokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Katika mpangilio wa Kijerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi, kwa kuwa Z hutumika sana katika lugha hiyo na Y ni nadra. Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo waliojifunza kwa kibodi ya Kifaransa wana mtihani wao: kwao A imekaa mahali pa Q, na Z mahali pa W.

Mtu atasema: herufi mbili tu! Lakini hebu tutazame Kiswahili chetu. Ni sentensi ngapi zinazopita bila "ya" wala "za"? Kyela inageuka "Kzela", Nyasa inakuwa "Nzasa", na Mwaya inasomeka "Mwaza". Hayo angalau yanaonekana. La kuogopa zaidi ni lile lisiloonekana. Ukikusudia "nyumba yake", kidole kikaandika "nyumba zake", maneno yote mawili ni sahihi, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayokushtua. Katika barua ya mirathi, nyumba moja imekwisha kuwa nyingi, na ndugu wa tumbo moja wanaanza kutazamana vibaya.

Yako pia majina. Huku Unyakyusa herufi Y imo katika majina mengi: Mwakyusa, Ambakisye, Anyosisye. Cheti cha ubatizo ni miongoni mwa karatasi ambazo mtu mzima huambatisha anapoomba cheti cha kuzaliwa. Herufi moja ikipotoka, mtu hurudishwa, na nauli yake imekwenda bure.

Kwa nini basi jambo ambalo akili hulielewa kwa dakika moja, mikono hulikataa kwa majuma? Watazameni akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wanavyofinyanga vyungu. Mikono yao haiulizi njia. Ukimwambia mmoja wao azungushe udongo kwa upande mwingine, ujuzi wake wenyewe ndio utakaomzuia. Anayeanza ana kazi moja ya kujifunza. Fundi anayebadilisha njia ana kazi mbili, yaani kujifunza na kuuzuia mkono unaojua.

Nilichofanya ni kutenga dakika 15 kila asubuhi, kabla watu hawajafika. Niliandika bila kutazama vitufe, polepole kiasi ambacho kidole hakipati nafasi ya kukimbilia kule kilikozoea: yake, zake, yetu, zetu, kisha majina ya vijiji na ya watu. Wiki ya tatu nilifika maneno 30, na baada ya miezi miwili 40. Zile 45 bado sijazipata.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, ulikuwa kuonekana mzito mbele ya watu wanaosubiri kwenye benchi, ambao walinifahamu nikiwa mwepesi. Siku moja mama mmoja kutoka upande wa Matema alinisihi nisijihimize. Alikuwa amesharudishwa mara mbili mahali pengine kwa sababu ya herufi moja katika karatasi yake. Tulilisoma jina lake pamoja, herufi kwa herufi, ndipo nikapiga mhuri. Tangu siku hiyo nafanya hivyo kwa kila mwenye cheti, hata benchi likijaa.

Kila mmoja wetu ana kazi aliyoifanya kwa wepesi, kisha chombo, mahali au umri ukabadilika. Tusione haya kuwa wazito kwa muda mbele ya wale wanaotukumbuka tukiwa wepesi. Kasi ilikuwa sifa yangu mimi. Jina ni mali ya yule mama, naye ndiye atakayelibeba hadi ofisi za wilaya.

Nawatakia Dominika njema.