Biri ya familia, lakini familia ya nani?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi, hata hivyo, kizuri nacho kimejifunza kujitembeza, na neno linalotumiwa sana kukitembeza ni 'familia'. Ingia duka lolote utazame rafu: asali ya familia, mkate wa familia, kahawa ya familia. Mnunuzi akiliona neno hilo moyo humlainika. Humjia picha ya baba, mama na watoto wakifanya kazi kwa upendo, wala haulizi zaidi. Mwezi uliopita neno hilo lilinifikia mimi likiwa limeandikwa kwenye biri.

Kwa msomaji ambaye hajaiona biri ila katika filamu, midomoni mwa matajiri, hii ni ile sigara nono isiyo na karatasi wala kichungi. Ni majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa pamoja. Niliyemletea macho ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, aishiye Tampa katika jimbo la Florida, Marekani. Alipokuja likizo alinipa biri mbili za chapa mpya, ya baba na binti zake wawili, ambazo husokotwa kwa mkono mjini Estelí, Nicaragua.

"Shemeji, wewe umezaliwa ndani ya tumbaku," aliniambia. "Ivute moja, kisha uniambie ukweli. Usinionee haya."

Ukweli wenyewe ndio huu ninaouandika. Jina la chapa silitaji, kwa kuwa sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 imekataza tumbaku kutangazwa, nami sina nia ya kuitangaza. Aidha, mimi si mvutaji. Lakini nilizaliwa Kuria, katika boma lililolima tumbaku tangu 1978 hadi 1997, na jani hilo nalijua kwa macho, kwa pua na kwa vidole kuliko wavutaji wengi.

Nianze na umbo. Biri hii ina urefu wa inchi tano na unene unaokaribia sentimita mbili, kipimo ambacho wenyewe hukiita robusto. Rangi yake ni ya kahawa iliyokaangwa vyema, na ngozi yake ina mafuta kidogo. Niliibonyeza kuanzia kichwani hadi mguuni nisikute mahali palipo laini wala palipo gumu. Mishipa ya jani ni myembamba, na mshono hauonekani ila ukiinamisha biri kwenye mwanga. Pete ya karatasi iliyoizunguka imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba hii ni kazi ya familia.

Kazi hiyo, msomaji, si ya mchezo. Biri ya mkono ina sehemu tatu. Ndani kuna majani ya kujazia, yaliyopangwa moja moja ili moshi upate njia. Kisha huja jani la kufungia, na juu kabisa jani la kuvika, ambalo ni lazima liwe kubwa, laini na lisilo na tundu. Hata majani ya kujazia yana vyeo. Ya chini ya mmea ni mepesi na huwaka haraka, ya katikati huleta harufu, na ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, ndiyo yenye nguvu. Huko Nicaragua aghalabu hufanya kazi wawili wawili: mmoja hujaza na kufunga, mwenzake, mara nyingi mwanamke, huvika jani la nje kwa kisu bapa kisicho na mpini.

Kabla ya hapo jani huanikwa bandani kwa hewa tupu, majuma sita au zaidi, mpaka rangi ya kijani iishe. Halafu hurundikwa marundo makubwa, nayo marundo hayo hupata joto lenyewe pasipo moto, kama samadi inavyofanya shimoni. Hupinduliwa na kurundikwa upya mara kadha wa kadha hadi ule ukali wa amonia upungue. Baadaye jani hulazwa mwaka mmoja, miwili, pengine zaidi. Kwa hivyo biri unayoiwasha leo ilikuwa shambani miaka kadhaa iliyopita.

Niliiwasha nyuma ya nyumba, mahali pasipo mtu wala mtoto, jioni isiyo na upepo. Moshi wa biri hauvutwi hadi mapafuni. Huwekwa kinywani kisha ukatolewa. Mwanzo ulikuja na ukali wa pilipili manga uliochoma ncha ya ulimi. Baada ya dakika kama kumi ukali huo ulitulia, ikaja ladha ya kahawa chungu na ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Katikati nilionja kitu kama kakao. Jivu lake lilikuwa la kijivu, likashikamana hadi kufikia inchi nzima bila kuanguka. Moto ulikwenda sawasawa pande zote, ishara kwamba aliyejaza majani alijua anachokifanya. Theluthi ya mwisho ilikuwa chungu na nzito, kichwa kikaanza kuzunguka, nikaiacha ijizimie.

Kuzunguka huko kwa kichwa kuna maana yake. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa moshi wa biri haumezwi, basi hauna madhara. La hasha! Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara, na nikotini yake hupenya kupitia ngozi laini ya kinywani. Madaktari wamethibitisha kwamba biri huleta saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu. Mkono uliotengeneza kitu uwe wa mashine au wa binadamu, saratani haichagui.

Hata hivyo, si kichwa tu kilichozunguka jioni ile. Harufu ya jani ilinirudisha kwetu. Maana tumbaku yetu nayo, msomaji, ilikuwa ya familia.

Marehemu Baba alikuwa na ekari nne. Kampuni iliyonunua tumbaku ilimpa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, naye akatoa ardhi na watu. Watu wenyewe ni sisi. Mama alimwagilia kitalu alfajiri. Sisi watoto saba tulikata maua na vichipukizi, tukachuma majani kuanzia ya chini, tukayafunga kwa uzi kwenye fito na kuyapandisha bandani. Tumbaku yetu haikuwa ya kuanikwa kwa hewa. Ilikaushwa kwa moto, na moto huo ulikaa karibu juma zima, usiku na mchana, bila kuruhusiwa kupanda wala kushuka. Kaka yangu mkubwa alikesha akichochea kuni, na asubuhi mwalimu alimkuta amelala juu ya daftari. Miti iliyokuwa mtoni nilipokuwa darasa la kwanza haikuwapo nilipofika la saba.

Tena palikuwa na siku za umande. Ukichuma jani bichi lililolowa, nikotini huingia mwilini kupitia ngozi. Dada yangu, huyu huyu aliyeolewa na shemeji, alikuwa akirudi shambani akitapika na kushika kichwa. Siku zile tulisema amekula kitu kibaya. Leo twajua ni sumu ya tumbaku mbichi, ambayo huwapata wachumaji kote duniani.

Mwisho wa msimu majani yalipelekwa kupimwa. Mnunuzi ndiye aliyetoa gredi, na mkulima hakuwa na la kusema. Baada ya kukatwa gharama za mbegu, mbolea na dawa, kilichobaki mwaka mmoja kilitosha karo ya mtoto mmoja kati yetu saba. Hesabu ya kampuni ilihesabu kila mfuko wa mbolea, lakini haikuwa na mstari wa Mama, wala wa kaka yangu na usingizi wake. Hiyo ndiyo maana ya 'kazi ya familia' niliyoijua mimi: kazi ambayo hailipwi kwa kuwa aifanyaye ni mtoto wa nyumbani.

Nilipomweleza shemeji kwamba biri yake imesokotwa kwa ustadi, ndipo alipotoa lililokuwa moyoni. Alitaka ekari nne za Baba zirudi kwenye tumbaku, safari hii tumbaku ya biri. Hoja zake hazikuwa za kitoto. Jani la biri halihitaji kuni. Biri moja kama ile aliinunua dola 12, zaidi ya Sh1,500, na wapo watalii mahotelini watakaoitaka. Na juu ya yote, pete ya dhahabu ingekuwa na jina la familia yetu.

Nilimjibu kwamba jani la kuni na jani la hewa hutofautiana bandani, lakini shambani umande ni ule ule. Pia nilimuuliza nani atatulisha miaka miwili au mitatu wakati jani limelala likisubiri kukomaa. Wenye kusubiri ni wenye mtaji. Hata wale Wacuba waliopeleka ujuzi wao Estelí baada ya mapinduzi ya 1959 walikuwa watu walioijua kazi hiyo toka kwa mababu.

Nilimkumbusha pia mji anaoishi yeye mwenyewe. Tampa ina mtaa uitwao Ybor City, uliojengwa na wenye viwanda vya biri kuanzia miaka ya 1880. Wasokotaji wa huko, kama wenzao wa Havana tangu 1865, walikuwa na msomaji aliyeketi juu ya jukwaa akiwasomea magazeti na riwaya huku mikono yao ikifanya kazi. Msomaji huyo hakulipwa na tajiri. Wasokotaji walimchangia kutoka mishahara yao. Mwaka 1931 wenye viwanda vya Tampa waliwaondoa wasomaji, wakidai wanawatia wafanyakazi siasa kichwani. Nalipenda na kulichukia jambo hilo kwa pamoja. Nalipenda kwa kuwa laonyesha kwamba mikono ile ilikuwa na vichwa vyenye kiu ya elimu. Nalichukia kwa kuwa laonyesha kwamba jina la biri na mikono ya biri ni vitu viwili mbalimbali.

Uamuzi, hata hivyo, haukuwa wangu. Shamba ni la Mama, na kwa heshima ya ukwe shemeji hangeweza kumkabili kwa jambo kama hilo, kwa hivyo maneno yake yalipitia kwangu. Nilimpelekea Mama ile biri ya pili, ambayo haikuwashwa. Aliigeuza vidoleni, akainusa kwa muda mrefu, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Aliyesokota hii ana mkono mzuri," alisema. "Muulize shemeji yako: huyo mwenye mkono huu, watoto wake wanasoma?"

Nilimuuliza. Shemeji aliwajua yule baba na binti zake wawili, alijua hata shule walizosoma binti hao. Msokotaji hakumjua.

Mama hakuongeza mengi. Ekari zile sasa zina mahindi na maharagwe. Baadhi ya majirani zetu katika kaunti ya Migori wameacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, katika mradi unaosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia afya, kilimo na chakula. Mwaka 2023, Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani, tarehe 31 Mei, ilibeba ujumbe wa kulima chakula badala ya tumbaku. Mama hakuusubiri ujumbe huo. "Mwambie," alisema, "maharagwe yakikosa soko, nitayapika. Hilo jani likikosa soko, nitawapa wajukuu nini?"

Shemeji aliupokea uamuzi kiungwana, na hatukukosana. Basi nami nitoe alama kama alivyoniomba. Kwa kazi ya mikono, biri hii ninaipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa uchungu wa mwisho. Kama kitu cha kuingiza mwilini, sina alama ya kuipa. Na kama zao la kurudishwa katika shamba la wazazi wangu, jibu limeshatolewa na mwenye shamba.

Kwako msomaji, nina ombi moja. Utakapoliona tena neno 'familia' kwenye pete, kopo au mfuko, usilidharau, maana zipo familia zinazofanya kazi kwa haki. Ila usiliache lipite bure. Uliza ni familia ya nani: ile ambayo jina lake limeandikwa kwa dhahabu, au ile iliyoamka alfajiri kwenye umande?