Nafasi ya Kesses

Ndege ya mpwa wangu ilikuwa haifiki Eldoret. Inaondoka Dubai vizuri, inapita juu ya Oman na bahari, inavuka Pembe ya Afrika, inaingia Kenya kutoka kaskazini mashariki. Karibu saa tano baadaye, ikiwa imeanza kushuka juu ya Bonde la Kerio, skrini inaganda. Kisha kinatokea kidirisha kidogo kusema kwamba kumbukumbu ya kompyuta imeisha. Alihesabu mara saba. Mara saba amekesha, mara saba hajagusa lami.

Simuleta yenyewe ni Microsoft Flight Simulator X, ile ya 2006, ambayo wapenzi wake huiita FSX. Ni ya zamani, ndiyo. Lile toleo lililotoka Agosti 2020 linataka GB 150 za diski, na intaneti ya kasi ili livute picha za dunia kutoka mbali kadiri unavyoruka. Sisi huku tunanunua bando la saa moja na kulilinda kama chumvi. FSX inakaa yote ndani ya kompyuta, haimwombi mtu bando. Ndiyo maana kijana aliichagua, na ndiyo maana haikufaa kumwambia tu, "Tafuta mpya."

Kwa asiyepajua, Kesses iko Uasin Gishu, kusini mashariki mwa mji wa Eldoret. Ni mahali pa mahindi, ng'ombe wa maziwa, bwawa, na Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa 1984. Uwanja wa ndege wa Eldoret hauko mbali nasi. Uko kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara yake ya kurukia ina karibu kilomita tatu na nusu. Ndege kubwa za mizigo kutoka Ghuba hutua pale, na mpwa wangu amekua akizisikia kabla ya kuziona. Alimaliza Kidato cha Nne, matokeo si mabaya, na anachotaka ni urubani. Shule za urubani pale Wilson, Nairobi, huhesabu ada kwa mamilioni. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, huhesabu maziwa kwa lita.

Fundi mmoja mjini alikuwa amewapa dawa: ongezeni RAM. Kompyuta ilikuwa na GB 8, akasema iwekewe 8 nyingine na taabu itakwisha. Dada alishaweka pesa kando, pesa za maziwa za mwezi mzima na kidogo juu. Mimi hutengeneza kompyuta za wanafunzi karibu na geti la chuo, basi akanipigia.

"Ndugu yangu, njoo uangalie kabla sijatoa hizi pesa. Huyu mtoto ananiambia kumbukumbu imeisha. Kumbukumbu inaishaje?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu la fundi. Kumbukumbu ya kompyuta ile haikuwa imeisha. Nilipofungua kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha matumizi, RAM ilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Kilichoisha ni kitu kingine, na pesa za maziwa zisingekinunua.

Nilimweleza dada hivi. Chukua ghala la mahindi. Kila gunia linaloingia lazima lipewe namba, na mtunza ghala hawezi kulichukua gunia lisilo na namba. Sasa mtunza ghala wetu ana kitabu kimoja chenye namba mia tu. Ukimjengea ghala la magunia mia tatu, bado atapokea mia. FSX ni programu ya biti 32, na namba zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,296. Hizo ni GB 4. Katika Windows ya biti 64 programu kama hiyo haipati anwani zaidi ya hapo, hata mashine ikiwa na RAM ya GB 16 au 64. Ukiwa na Windows ya biti 32 hali ni mbaya zaidi, maana kwa kawaida hupewa nusu yake.

"Kwa hiyo ghala si dogo," dada akasema. "Kitabu ndicho kifupi."

"Ndiyo."

"Basi pesa zangu zikae."

Zikakaa. Lakini kijana alikuwa bado hajafika Eldoret, na alikuwa ameniangalia kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Zamani kitabu kilikuwa kifupi zaidi na watu waliruka. Bruce Artwick alipotengeneza simuleta yake ya kwanza kwa kompyuta ya Apple II, mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuwa na KB 16 tu za kuchezea. Picha moja ya WhatsApp leo ni nzito kuliko hiyo. Dunia yake ilikuwa mraba uliokatwa vipande 36, mistari mitupu, na bado ulijua uko juu na ardhi iko chini. Microsoft ilitoa toleo lake la kwanza 1982, ukianzia uwanja mdogo wa Meigs kando ya ziwa, Chicago. Miaka iliyofuata mashine zikakua, na ardhi ikaanza kuvalishwa nyasi, mito, nyumba, taa.

Hapo ndipo mandhari za kuongezea zilipoingia. Simuleta ikitoka kiwandani haiwezi kujua kila mahali, kwa hiyo watu hutengeneza viwanja na miji yao na kuipachika humo. Ule uwanja wa Meigs ni mfano mzuri. Mwaka 2003 meya wa Chicago alituma matingatinga usiku yakachimba njia yake ya kurukia, ukafungwa. FSX ilipotoka miaka mitatu baadaye haikuwa nao tena. Waliokuwa wameanzia urubani wao wa mezani pale wakaurudisha wenyewe kama nyongeza. Yaani mandhari ya kuongezea, mara nyingi, ni mtu anayekataa mahali pake pasahaulike.

Nikamwambia kijana anionyeshe maktaba yake ya mandhari. Orodha ilikuwa ndefu kuliko ya bwana harusi. London yote na madaraja yake. Frankfurt. New York. Hong Kong. Dubai, sawa, maana ndiko anakotoka. Alikuwa amezikusanya kwa flashi kutoka kwa marafiki, moja moja, kwa miaka miwili. Zote zilikuwa na alama ya kuwashwa. Nikatafuta Eldoret. Ilikuwepo ile ya kiwandani tu: njia ya kurukia, majengo mawili matatu yasiyo na sura, na ardhi ya kijani ambayo ingeweza kuwa popote duniani. Nikatafuta Kesses. Palikuwa majani matupu.

"London inafanya nini hapa na wewe unaenda Eldoret?"

"Anko, iko mbali. Si haionekani?"

Haionekani, lakini iko kitabuni. Mandhari iliyowashwa husajiliwa simuleta inapoanza, na sehemu ya vitu vyake huingia kwenye anwani hata kama hutaikaribia. Ukiwa na moja au mbili hutahisi. Ukiwa na arobaini, umeondoka Dubai kitabu kikiwa kimeshajaa nusu. Halafu safari ndefu hujaza polepole, maana FSX haiachilii vizuri ilichokwisha kukipita. Mwishoni, wakati wa kushuka, uwanja wa kufikia na milima yake huingia kwa mkupuo, na namba hakuna. Ndiyo maana ilikuwa inamfia pale pale kila mara. Hata namba chache zilizobaki huwa zimetawanyika huku na huku, na kitu kikubwa kinataka namba zinazofuatana.

Nilipoanza kuzima alishika mkono wangu. "Anko, nikizima London si itakuwa kama sijawahi kuwa nayo?"

Sikumcheka. Kwa kijana ambaye hajapanda ndege hata siku moja, London ile ilikuwa London. Nikamwonyesha kwamba faili hazifutwi, zinabaki kwenye diski, ni alama tu inayoondolewa. Siku ya safari ya London ataiwasha na kuizima Dubai. Akakubali, akazima mwenyewe, moja moja, akisoma majina.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya hesabu. Picha zinazovalisha ardhi na majengo zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa wa 4096. Picha ya nukta 4096 kwa 4096, kila nukta ikichukua baiti nne, ni MB 64. Ya 1024 kwa 1024 ni MB 4. Mara kumi na sita! Kubana faili hupunguza zote mbili, lakini uwiano unabaki. Tukashusha hadi 1024 kwenye faili ya mipangilio, ile fsx.cfg. Tukaenda kwenye mstari wa LOD_RADIUS, unaosema ardhi ionekane kwa undani hadi umbali gani. Mtu alikuwa amemwekea 6.5, tukarudisha 4.5. Kwa kuwa ni duara, hiyo peke yake hupunguza eneo la undani kwa zaidi ya nusu. Tukapunguza miti na nyumba zinazojiotea, na magari barabarani. Mwisho nikampa desturi moja: kabla ya kuanza kushuka, hifadhi safari, funga simuleta, fungua tena, endelea. Kitabu kinaanza ukurasa mpya.

"Lakini marubani wa kweli hawazimi ndege hewani, Anko."

"Marubani wa kweli wana mashine ya kweli."

Usiku ule alitua. Mama yake aliniambia kwa simu asubuhi, kwa sauti ya mtu ambaye hakulala, kwamba kulikuwa na kelele saa nane na alidhani ni mwizi.

Baadaye dada alinikalisha chini. "Sasa hii itamfikisha wapi?" Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kama aendelee kumwachia kijana usiku na umeme, au amtafutie kibarua. Nikamwambia ninachokijua. Simuleta ya mezani haimpi mtu leseni. Saa alizoruka pale hazihesabiwi na yeyote Wilson. Ada haitapungua hata shilingi. Lakini nilikuwa nimeona kijana akisoma mipangilio ya Kiingereza kizito, akigawanya na kuzidisha mwenyewe, akijaribu kitu kimoja kwa wakati na kuandika matokeo kwenye daftari. Wanafunzi wengi wanaoniletea laptopu hawafanyi hivyo. Dada alisikiliza, akasema ameelewa, hakusema ameamua nini.

Kijana naye alikuwa ameanza jambo lingine. Kwa kuwa sasa nafasi ilikuwepo, alitaka kuijaza yale majani matupu. Akachukua picha za setilaiti, akachora ukingo wa bwawa la Kesses, akaongeza barabara, majengo machache ya chuo na mapaa ya mabati ya senta. Alitumia picha ndogo za nukta 512 kwa 512, ambazo zikibanwa huchukua kama KB 128 kila moja. Nilipomwonyesha jumla hakuamini. Kesses nzima ilikuwa nyepesi kuliko ukuta mmoja wa London kwa ukubwa ule wa zamani. Miaka miwili mashine ile ilikuwa inakufa kwa uzito wa miji ya watu, na kwetu palikuwa panahitaji nafasi ndogo namna hii.

Siku aliyomaliza bwawa alimwita mama yake aangalie. Dada alisimama nyuma ya kiti, kanga begani, mikono bado ina harufu ya maziwa. Ndege ilitoka mashariki, ikavuka ukingo wa bonde, uwanda ukafunguka. Alilitambua bwawa kabla hajaambiwa. Akafuata barabara kwa kidole kwenye skrini, akakata kushoto, akafika mahali akasimama.

"Hapa ni kwetu. Mbona hakuna nyumba?"

"Bado sijaiweka, mama."

"Iweke. Na boma la ng'ombe uweke."

"Ng'ombe watakula kumbukumbu."

Dada alifikiri kidogo. "Zima Dubai," akasema, akaenda kukamua.